Chuki hupanda ngazi: niliyoyaona Baba Dogo na yanayotuhusu sisi wa Pwani

Nimeishi Baba Dogo miaka kumi na mitatu. Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu ambaye hajafika huku, nikueleze kidogo. Ukitoka mjini Nairobi kuelekea Ruaraka unaingia kwenye magodauni na viwanda, na nyuma ya viwanda hivyo ndipo yalipo maghorofa yetu yaliyobanana, nguo zimeanikwa kila roshani. Jirani zetu ni Lucky Summer, Korogocho na Kariobangi. Ni mtaa wa wachapakazi. Watu huamka alfajiri kwenda kusimama kwenye mageti ya viwanda kungoja kibarua. Mimi huku jina langu halitajwi. Naitwa "Mombasa", na wakitaka kuniheshimu, "Sheikh".

Katika ploti yetu, ghorofa ya tatu, alikuwa akiishi kijana fundi cherehani. Sitamtaja jina wala kwao. Alikuwa mpole, kodi halipi kwa kuchelewa, na kila mtu alimpelekea nguo za kupunguza na kubana. Kisha maneno yakaanza kwa kinyozi: ati fundi si mwanamume kamili, ati kuna mtu ameona kitu kwenye simu ya mtu mwingine. Nani aliona, simu ya nani, hakuna aliyeuliza. Baada ya wiki mbili mtaa mzima ulikuwa "unajua".

Ijumaa moja, baada ya Isha, nikasikia vishindo vya watu wengi wakipanda ngazi kwa pamoja. Mlango wa fundi ukavunjwa. Nikasikia kipigo, nikasikia akilia, nikasikia akiburutwa kushuka ngazi, akapita mbele ya mlango wangu. Chini alifaulu kuwaponyoka, akakimbilia kibanda cha mama mboga. Mama yule hakumjua sana. Alisimama mbele ya kibanda chake akawauliza, "Ameiba nini? Kama ameiba, semeni alichoiba. Kama hajaiba, tokeni hapa kwangu." Wakababaika. Katika kubabaika huko mwenye bodaboda mmoja akampakia kijana, akaondoka naye.

Waliobaki juu hawakubabaika. Walishusha mtungi wa gesi, godoro, runinga na cherehani mbili. Asubuhi mwenye nyumba akatia kufuli jipya, na pesa za amana za yule kijana hazikurudi.

Na mimi? Nilikuwa nyuma ya mlango wangu, nimezima taa.

Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza imekuwaje vijana ninaowajua, waliowahi kunisaidia kubeba unga, wakafikia kumwaga damu ya jirani ambaye hakumkosea yeyote. Haya ninayoyaandika ni niliyoyapata kwa kusoma na kwa kuuliza. Sikuandika ili nikubadilishie imani yako, ndugu msomaji. Nimeandika kwa sababu jambo hili lilianza kwetu kabla ya kunikuta Baba Dogo.

Vidato vitano

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alitoa kitabu kuhusu asili ya chuki dhidi ya makundi. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeisha karibuni, na dunia ilikuwa ikijiuliza imekuwaje Wajerumani waliosoma wakawachinja Wayahudi mamilioni. Allport akasema chuki hupanda kama ngazi, na akataja vidato vitano. Cha kwanza ni maneno: mizaha, majina ya kejeli, masengenyo. Cha pili ni kumwepuka mtu. Cha tatu ni kumnyima haki yake, kama nyumba, kazi au matibabu. Cha nne ni kumpiga au kuharibu mali yake. Cha tano ni kuangamiza.

Hana maana kwamba kila anayecheka mzaha ataua. Maana yake ni kwamba kila kidato kinampunguzia mtu uzito wa kukanyaga kinachofuata. Ukimzoea mtu kuwa kichekesho, siku akipigwa huoni kama aliyepigwa ni mtu.

Nikaitazama ploti yetu kwa macho hayo. Maneno yalianza kwa kinyozi. Kisha kina mama wakaacha kumpelekea nguo za watoto. Kisha mwenye nyumba akaanza kumwambia atafute pengine. Kisha mlango ukavunjwa. Vidato vinne, chini ya miezi miwili.

Kidato cha kwanza nilikuwapo mimi. Kuna siku dukani nilitoa mzaha kuhusu fundi na magauni anayoyashona. Watu walicheka mpaka wakanipiga mabegani. Mimi mgeni wa Pwani, niliyetaniwa kwa lafudhi yangu miaka yote, siku hiyo nilijihisi mwenyeji. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mara nyingi anayetafuta nafasi yake kati ya watu huinunua kwa kumtoa mwingine.

Kidato cha tano je? Utawala wa Wanazi uliwapeleka kwenye kambi za mateso wanaume kati ya 5,000 na 15,000 kwa tuhuma za ushoga, wakawashonea pembetatu ya waridi kwenye nguo ili wajulikane. Na wao walianza na maneno, kisha wakachoma vitabu.

"Hayo yametoka kwa wale"

Huku bara nimeambiwa usoni mara nyingi, "Hayo mambo ni yenu watu wa Pwani." Nikija Mombasa nasikia yametoka bara, au yameletwa na watalii, au na Wazungu. Nilipochimba nikaona kila taifa lina wimbo huu. Tusi moja la Waingereza kwa jambo hili limetokana na jina la Wabulgaria. Wajerumani wa zamani walilipa jina la mji wa Florence, Italia. Kila mmoja anamtupia jirani.

Ukweli ni kwamba watu wa namna hii wametajwa katika jamii nyingi, na jamii hizo zimewatendea kwa njia tofauti. Bara Hindi lina mahijra tangu kale. Mahakama ya Juu ya India iliwatambua kuwa jinsia ya tatu mwaka 2014, na Pakistan ikawatungia sheria ya kuwalinda mwaka 2018. Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, mwanaanthropolojia Unni Wikan aliandika mwaka 1977 kuhusu mahanithi wa mji wa Sohar: walifanya kazi za nyumbani, waliimba harusini, wakaruhusiwa kuingia walipo wanawake. Hawakusifiwa, lakini walikuwa na mahali pao.

Kwetu pia. Neno "shoga" lilikuwa, na kwa kina mama bado ni, neno la upendo kwa rafiki wa kike. Wakubwa wetu Mombasa waliwajua wanaume walioitwa kwa neno hilo, wakawaona kwenye ngoma za harusi. Hawakupendezwa na mambo yao, na waliyasema. Lakini sikusikia kwa bibi yangu hata siku moja kwamba mtu alivunjiwa mlango.

Wala nchi zinazotuhubiria leo zisijifanye zilizaliwa na upole huu. Uingereza ilimhukumu Alan Turing mwaka 1952, mtaalamu aliyesaidia kuvunja siri za kivita za Wajerumani, ikampa dawa za kuua matamanio yake. Alikufa mwaka 1954. Marekani, kuanzia 1953, iliwafukuza kazi watumishi wa serikali kwa tuhuma hiyohiyo, na mwaka 2016 mtu mwenye bunduki aliua watu 49 katika klabu yao mjini Orlando. Chuki hii haina kabila, na haijaisha kwa kuwa nchi ni tajiri.

Mtwapa, Februari 2010

Wengi mnakumbuka. Ulienea uvumi kwamba wanaume wawili wangefunga ndoa Mtwapa. Viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, wakaita waandishi wa habari na kulaani. Februari 12, 2010, umati ukazingira kliniki ya KEMRI, iliyokuwa ikitoa huduma za ukimwi, ukidai waliomo watolewe. Watu walipigwa. Polisi waliwachukua wengine, na wengine wakajificha wiki kadhaa.

Harusi yenyewe haikuonekana.

Sisi Waswahili tuna methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Siku ile methali hiyo ilifanya kazi mbaya. Kundi zima la watu wazima lilitoka kwenda kuzuia jambo ambalo hakuna aliyeliona, na likaishia kuivamia nyumba ya matibabu. Ukimwi haukai kwa kundi moja. Anayeogopa kwenda kliniki leo anaweza kuwa na mke, na mke ana mimba. Aliyeitisha kliniki ile ifungwe hakujua alikuwa akimfungia nani.

Na uvumi unaoua hatuujui kwa jambo hili tu. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hadi Kaya Godoma, huko Ganze, ikawa kimbilio la mvi. Mtindo ni uleule: mtu hapendezi, jambo halithibitishwi, kundi linakuwa hakimu, na mara nyingi kuna shamba au mtungi wa gesi anaoutaka mtu. Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji.

Sheria inasema nini hasa

Vijana wale walinijibu baadaye kwamba walikuwa "wanasaidia sheria". Tuitazame hiyo sheria.

Kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kinakataza kuingiliana "kinyume cha maumbile", adhabu hadi miaka 14. Kifungu cha 165 kinagusa vitendo kati ya wanaume, hadi miaka 5. Mizizi yake ni sheria ambayo Waingereza waliiandikia India mwaka 1860, wakaieneza katika makoloni. Kuchukizwa tulikuwa nako kabla yao. Jela ndiyo waliyoileta wao. India yenyewe ililegeza sheria hiyo mwaka 2018. Hapa Kenya, Mei 24, 2019, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Kwa hiyo bado ni sheria.

Lakini angalia mambo manne. Kwanza, kinachokatazwa ni tendo, na tendo lithibitishwe mahakamani. Kutembea kwa namna fulani, kuvaa, kushona magauni au kutooa si kosa. Pili, hakuna kifungu kinachompa raia, mwenye nyumba, Nyumba Kumi wala umati ruhusa ya kuadhibu. Kuvunja mlango, kupiga na kuchukua mali ni makosa ya jinai yenye vifungu vyake. Tatu, Katiba ya 2010 inalinda uhai katika kifungu cha 26, utu katika 28 na usalama wa mwili katika 29, na inasema "kila mtu". Nne, hata polisi wana mipaka. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda, wakapelekwa Mombasa kuchunguzwa sehemu zao za siri. Machi 22, 2018, Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa ikaamua uchunguzi huo ulivunja haki zao.

Kisha ikaja Februari 24, 2023. Majaji watatu dhidi ya wawili wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba serikali ilikosea kukataa kuisajili jumuiya ya kutetea haki za watu hawa. Wengi wetu tuliandamana na kulia kwamba ndoa za jinsia moja zimehalalishwa. Sivyo. Kifungu cha 45 cha Katiba bado kinazungumzia ndoa ya mume na mke. Mahakama ilisema watu wana haki ya kuunda chama na kusajiliwa, basi. Mtu anaweza kuupinga uamuzi huo. Mimi nawajua wanaoupinga kwa hoja nzuri. Lakini aupinge ulivyo.

Mwezi mmoja kabla, Januari 2023, mwili wa mwanamitindo Edwin Chiloba ulikutwa ndani ya sanduku la bati kando ya barabara, Uasin Gishu. Desemba 2024 mahakama ya Eldoret ilimfunga miaka 50 mtu aliyekuwa akiishi naye. Muuaji hakuwa umati wa mtaani. Kilichonishtua ni maneno ya watu simuni, waliofurahia kifo cha kijana wa miaka 25 kabla hata hajazikwa. Ngazi ile ya Allport, na sisi juu yake.

Uganda wametangulia. David Kato aliuawa Januari 2011, miezi michache baada ya gazeti kuchapa picha yake na ya wenzake na kutaka wanyongwe. Sheria yao ya 2023 imeweka hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Walioikimbia nchi hiyo wengine wako Kenya, Kakuma na hapa Nairobi.

Na huntha je?

Kuna jambo moja linalosahauliwa. Wapo waliozaliwa na maumbile yasiyo wazi ya kiume wala ya kike. Fiqhi inawaita khuntha, sisi husema huntha, na wanazuoni wa kale waliandika milango mizima kuhusu urithi wao na swala zao. Maana yake waliwaona ni waja wa Mungu wenye haki. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, ikapata 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua watoto wao kwa jina.

Umati hauna daktari wala sheikh. Unapomvua mtu nguo barabarani "kuhakikisha", unaweza kuwa unamvua aliyeumbwa hivyo tumboni mwa mama yake. Na mama yake anaweza kuwa dada yako.

Kwa nini vijana hupanda ngazi hii

Nimewasikiliza wale vijana wetu. Hawana kazi ya kudumu. Hawana mahari. Mtaani uanaume hupimwa kwa pesa, na pesa hawana. Kumpiga "asiye mwanamume" kunampa kijana cheti cha uanaume bure, mbele ya watu, usiku mmoja. Anayemshtua mwenzake kwa kusita anaulizwa, "Kwani na wewe ni mmoja wao?" Swali hilo ndilo linalowasukuma wengi; kila mmoja anapiga ili asishukiwe. Na pembeni yupo asiyejali maadili hata kidogo, anayejua kwamba mtu wa namna hii hataripoti polisi. Kwa mwizi huyo ni mali isiyo na mwenyewe. Ndiyo maana kutishiwa na kutozwa pesa ni katika mambo yanayowapata watu hawa mara kwa mara.

Imani yangu na damu ya jirani

Mimi ni Muislamu, na msimamo wa dini yangu kuhusu tendo hili naujua. Siuficha wala siubadilishi hapa. Mkristo naye ana wake. Utafiti wa Pew wa mwaka 2019 ulionyesha ni Wakenya 14 tu katika kila 100 waliosema jambo hili likubaliwe na jamii. Basi sijifanyi nasemea wengi ninapolitetea.

Lakini dini ileile, katika Sura ya Al-Hujurat, inakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, yote matatu pamoja. Sura ya An-Nur inaweka viboko 80 kwa anayewatuhumu wanawake wenye kujistahi bila kuleta mashahidi wanne, na wanazuoni wakaichukua hukumu hiyo kwa wanaume pia. Kwa kinyozi palikuwa na mashahidi wangapi? Wanaosoma Injili ya Yohana nao wanakijua kisa cha mwanamke aliyeletwa apigwe mawe, na jinsi umati ule ulivyotawanyika. Kulikataza jambo ni mlango mmoja. Kumpiga mtu kwa kumdhania ni mlango mwingine, na hakuna dini iliyonipa ufunguo wa huo wa pili.

Kinachoweza kufanywa

Allport alisema pia kwamba chuki hupungua watu wakikaa pamoja wakiwa sawa na wakiwa na kazi ya pamoja. Pwani tumeona mfano. Baada ya Mtwapa, watu wa afya na mashirika ya Pwani waliwakutanisha viongozi wa dini na watu hawa, wakazungumza uso kwa uso. Wapo waliokuwa mstari wa mbele kulaani ambao baadaye walisimama kukataza vurugu. Hawakubadili fatwa zao. Walibadili wanachokisema pale umati unapokusanyika.

Kwetu wa mitaani mambo ni madogo zaidi. Uliza, "Nani ameona?" Usisambaze picha ya mtu. Mwenye nyumba akitaka mtu ahame, ampe notisi na amana yake kama mpangaji yeyote. Na umati ukija, uliza alichouliza mama mboga: ameiba nini? Swali hilo halikuhitaji digrii, wala halikumtaka mama yule akubaliane na lolote.

Miezi mitatu baada ya usiku ule simu yangu ililia, namba ngeni. Alikuwa ni fundi. Hakusema yuko wapi, nami sikumuuliza. Alikuwa na kanzu yangu niliyompelekea aipunguze kwa ajili ya Idd. Ilichukuliwa pamoja na vitu vyake. Akasema, "Mzee, samahani kwa kanzu yako. Nikipata kazi nitakulipa."

Nikamwambia asijali. Nilitaka kumwambia na jingine, kuhusu mzaha wa dukani na taa niliyoizima, lakini simu ilikuwa imeshakatika. Namba ile sasa haipatikani. Ndiyo nimeyaandika hapa.